Kutoa ni Moyo: Utoaji katika Taamuli na Sanaa ya Wabudha, Ukilinganishwa na Mazoea ya Abagusii

Utangulizi

Kiswahili kina maneno mengi ya kutajia kitu kilichotolewa. Mtu akisema zawadi, hidaya, tunu, tuzo, hiba, zaka, sadaka au wakfu, msikilizaji huelewa mara moja kitu hicho ni cha namna gani, nani amekitoa na kwa ajili gani. Lakini akitaka kumweleza mtu anayejizoeza kutoa siku baada ya siku, kama mwanafunzi anavyojizoeza hati mpaka mkono wake ukawa mwepesi, msamiati huanza kumpungukia. Neno ukarimu lataja sifa aliyo nayo mtu. Halitaji kazi ya kuipata sifa hiyo.

Upungufu huu hudhihirika zaidi pale mafundisho ya Ubudha yanapoelezwa kwa Kiswahili, kwa kuwa katika dini hiyo utoaji ni fani ya kujifunza. Huanzia mkononi, hupitia katika taamuli, na huonekana katika michoro, sanamu na vyombo vya ibada. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi utoaji huo unavyofanywa, kisha kuulinganisha na mazoea ya Abagusii wa Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya, na mwishowe kuangalia ni istilahi zipi za Kiswahili ziwezazo kuubeba bila kuupotosha.

Abagusii wamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Ekegusii ni lugha ya Kibantu iliyohifadhi maneno maalumu ya kazi za kupeana, na baadhi ya maneno hayo yana ndugu zake katika Kiswahili. Pili, nchi ya Gusii ina sanaa ya kuchonga mawe ambayo imefika mbali duniani, na ambayo inazusha kwa uwazi swali la mpaka kati ya kutoa na kuuza. Ubudha si sehemu ya historia ya Abagusii, wala hakuna dai hapa kwamba fikra za upande mmoja ziliuzaa upande wa pili. Kinacholinganishwa ni muundo wa tendo, si asili yake.

Dana na nia ya mtoaji

Neno litumikalo katika Kipali na Kisanskriti ni "dana", kutokana na mzizi "da" wenye maana ya kutoa, ambao ni wa ukoo mmoja na "dare" na "donum" ya Kilatini. Karibu nalo kuna neno jingine la Kipali, "chaga", ambalo halihusiani kabisa na jina la Wachaga, na ambalo maana yake ni kuachilia. Dana ni tendo lionekanalo: mkono umenyooka, kitu kimetoka kwa huyu kikaenda kwa yule. Chaga ni tendo la ndani: ule ushikaji wa moyo umelegea. Mtu anaweza kutenda la kwanza bila la pili, kama atoaye huku roho ikimuuma. Na mafundisho ya Wabudha yanalenga kuyafanya mawili hayo yawe kitu kimoja.

Katika orodha ya ukamilifu kumi wa madhehebu ya Theravada, na katika ile ya ukamilifu sita wa Mahayana, dana ndiyo ya kwanza. Nafasi hiyo si ya heshima tu, bali ni mpango wa masomo. Asiyeweza kuachilia tonge la chakula hawezi kutazamiwa kuachilia hasira, majivuno, au lile wazo kubwa zaidi la "mimi" na "changu". Ndiyo maana mwanafunzi huanzishwa na vitu vidogo, apate kuyajua mazoea ya moyo wake kabla hajafika penye magumu.

Msingi wa mafundisho haya ni kwamba tendo hupimwa kwa nia. Kitu kilekile kikitolewa na watu wawili si utoaji mmoja. Tena nia hiyo huangaliwa katika nyakati tatu: kabla ya kutoa, moyo uwe na furaha, wakati wa kutoa, uwe mweupe, na baada ya kutoa, uwe umeridhika, usije ukajuta. Wengi hufaulu katika wakati wa kwanza na wa pili, wakaanguka katika wa tatu.

Hapa msemaji wa Kiswahili atakumbuka methali isemayo: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Neno "usambe" limetokana na kitenzi -amba, yaani kusema, ambacho leo kimesalia zaidi katika lahaja za kaskazini na katika ushairi, na ambacho kimejificha katika maneno ya kila siku kama "ambia" na "kwamba". Methali yaamuru mtu asiseme kuwa kutoa kunategemea mali. Yakubaliana na Wabudha kwamba kipimo ni moyo. Tofauti iko mahali pamoja: katika matumizi ya kawaida methali huutaja moyo kama kitu ambacho mtu anacho au hana, ilhali Wabudha huuhesabu kuwa kitu kifundishwacho.

Kuna tofauti nyingine ambayo mfasiri hana budi kuiangalia. Wabudha husema kwamba utoaji huzaa "punya", na neno hili aghalabu hufasiriwa kwa thawabu. Lakini thawabu katika Kiswahili ni malipo yatolewayo na Mwenyezi Mungu kwa mja wake. Punya haitolewi na mtu wala na Mungu. Ni matokeo ya tendo lenyewe, kama mbegu na mche wake. Neno moja likichaguliwa bila uangalifu laweza kuingiza katika mafundisho haya mlipaji ambaye hayumo.

Taamuli kama zoezi la utoaji

Kwa wasomaji wengi taamuli na utoaji ni mambo mawili yaliyo mbalimbali: moja ni la mtu aliyekaa peke yake na kufumba macho, jingine ni la mtu aliye kati ya wenzake. Katika Ubudha mambo hayo hukutana katika zoezi liitwalo kumbukizi la utoaji. Zoezi hili limeelezwa kwa urefu na mwanachuoni Buddhaghosa, aliyefanya kazi yake Anuradhapura, Sri Lanka, katika karne ya 5, katika kitabu chake kiitwacho Visuddhimagga.

Utaratibu wake ni huu. Atakaye kuanza zoezi hupaswa kwanza kuwa mtoaji kwa vitendo. Huweka nadhiri kwamba, maadamu yupo mtu wa kupokea, hatakula hata tonge moja bila kumgawia. Akisha kutoa siku hiyo, huenda mahali pa faragha, akakaa, akakumbuka tendo lake. Hakumbuki ukubwa wa kitu, wala uso wa aliyepokea, wala shukrani alizopewa. Hukumbuka jambo moja tu: kwamba kwa muda ule moyo wake haukuwa na uchoyo. Wazo hilo hulirudia mpaka moyo ukatulia juu yake. Kwa kadiri ya maelezo ya Buddhaghosa, zoezi hili huufikisha moyo kwenye kizingiti cha utulivu na si kwenye utulivu wenyewe wa kina, kwa sababu sifa za utoaji ni nyingi na za kina kirefu, na fikra haziwezi kuzama katika moja.

Yaweza kuulizwa kama kukaa na kukumbuka wema wako si majivuno. Jibu limo katika kile kinachokumbukwa. Mwenye majivuno huikumbuka nafsi yake iliyotoa. Mwenye zoezi huukumbuka uhuru alioupata nafsi ilipolegeza mkono. Aliye mkono wa birika hana la kukumbuka katika saa hiyo, na ndiyo maana zoezi halianzi kwenye mkeka wa taamuli, bali kwenye sahani ya chakula.

Nadhiri ya kutokula bila kugawa haiko mbali na adabu ya Waswahili, na ya watu wengi wa bara, ambao mtu akiwa anakula naye mwingine akapita, humwambia "karibu". Neno hilo mara nyingi hujibiwa kwa shukrani tu, na mpita njia huendelea na safari yake. Hata hivyo, mwenye chakula amekwisha kujizoeza: kila siku, hata mara tatu kwa siku, ametamka kwamba kilicho mbele yake si chake peke yake. Likisemwa kwa mazoea tu, ni adabu ya ulimi. Likisemwa kwa moyo, ni jambo lilelile alilolieleza Buddhaghosa.

Istilahi nazo zahitaji uangalizi hapa. Maneno taamuli na tafakuri yote mawili yametoka katika Kiarabu, na yote mawili yana maana ya kufikiri kwa makini. Neno la Wabudha ni "bhavana", ambalo ni umbo la kusababisha la kitenzi chenye maana ya kuwa: ni kulifanya jambo liwe, kulikuza. Mkulima aukuzaye mche haufikirii tu. Kwa sababu hiyo neno taamuli lililotumika katika makala haya halina budi kuchukuliwa katika maana pana ya malezi ya moyo.

Utoaji katika sanaa takatifu

Yale yanayofanywa na moyo katika taamuli hufanywa na mkono katika sanaa. Mfano ulio mwepesi kuliko yote ni ule wa mabakuli saba ya maji yawekwayo kila asubuhi mbele ya sanamu katika nyumba za Wabudha wa Tibet. Mabakuli hupangwa katika mstari, yakiachiana nafasi ndogo, na kujazwa karibu na ukingo bila kumwagika. Jioni maji humwagwa, na mabakuli hufutwa na kufudikizwa. Sababu ya kutumia maji huelezwa kwa uwazi: maji hayana bei, kwa hiyo atoaye hana cha kujutia wala cha kujivunia. Tendo hubaki tupu, na moyo hujifunza umbo lake kabla ya kupewa uzito.

Zoezi gumu zaidi ni la mandala. Mwanafunzi hushika kisahani cha madini, akakipangusa, akaweka juu yake vichungu vya mchele kwa mpangilio unaowakilisha ulimwengu wote, pamoja na milima, mabara, jua na mwezi; kisha huutoa ulimwengu huo, akaumwaga mchele na kuanza upya. Katika mafunzo ya awali ya watawa na waumini wa Tibet zoezi hili hurudiwa mara 100,000. Mtu aliyewahi kusaga, kupepeta au kusuka ukili ataelewa maana ya marudio hayo: baada ya muda mkono hujua peke yake, na ule ugumu wa mwanzo husahaulika.

Mandala ya mchanga wa rangi ni ya namna nyingine. Watawa kadhaa huitengeneza kwa siku nyingi, chembe kwa chembe. Ikimalizika, hufanyiwa ibada, kisha hufagiliwa. Sehemu ya mchanga hugawiwa waliokuja kutazama, na iliyobaki hupelekwa mtoni au baharini na kumwagwa majini. Mtazamaji asiyejua huona kwamba kazi imeharibiwa. Kwa watawa, kufagia ndiyo hatua ya mwisho ya kutengeneza: sanaa ambayo mwenyewe hawezi kuiachilia bado haijakamilika.

Sanaa ya kudumu nayo ina nidhamu yake. Mchoraji wa picha takatifu za Tibet hufuata vipimo vilivyowekwa kwa kila kiungo cha mwili wa Budha, na aghalabu hatii jina lake kwenye kazi. Huko Sri Lanka sanamu mpya haihesabiwi kuwa kamili mpaka imetiwa macho. Na fundi ayatiaye huyachora huku ameipa sanamu kisogo, akitazama katika kioo. Kazi yake yote humwelekea mwingine, hata katika nukta ya mwisho ambapo fundi angetamani kuitazama kazi yake uso kwa uso.

Michoro ya kuta za mahekalu hufundisha jambo hilohilo kwa hadithi. Inayochorwa mara nyingi ni ile ya mwana wa mfalme Vessantara, ambaye alitoa tembo wa nchi yake, mali yake, na hata watoto wake. Hadithi hiyo imezusha mabishano miongoni mwa Wabudha wenyewe tangu zamani, kwa sababu inauliza swali gumu: je, mtu aweza kutoa kisicho chake? Swali hilo litarudi linapofikiwa jiwe la Gusii.

Bakuli la mtawa katika Afrika Mashariki

Ubudha si mgeni kabisa katika eneo hili. Wasinhala kutoka Sri Lanka waliweka hekalu lao Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20. Katika Uganda, mtawa Buddharakkhita, ambaye ni Mganda, aliukuta Ubudha alipokuwa mwanafunzi nchini India mwaka 1990, akatawazwa kuwa mtawa nchini Marekani mwaka 2002, na mwaka 2005 akaanzisha Kituo cha Ubudha cha Uganda.

Mtawa huyo amesimulia kwamba alipotembea kwao akiwa na bakuli lake la kupokelea chakula, watu walilidhani kuwa ngoma. Kosa hilo lafundisha. Bakuli la mtawa ni chombo kisichofahamika mpaka mtu ajue tendo linalofanywa nalo. Mtawa wa Theravada haombi. Husimama kimya, na aliye radhi humtilia chakula. Asiye radhi hupita. Kwa kulibeba bakuli lake mtawa hutoa nafasi ya kutoa. Katika nchi ambamo wahubiri wa dini wamezoeleka kuja na shule, dawa na nguo, mtu wa dini ajaye na bakuli tupu hulazimisha watu kufikiri upya nani ni mtoaji na nani ni mpokeaji.

Waganda wanayo maneno ya kulielezea jambo hilo. Kitenzi chao -wa ni ndugu wa -pa ya Kiswahili, na -gaba ni ndugu wa -gawa. Katika Luganda hayo ni maneno ya kawaida ya kutoa na kugawa, na hayakwenda kukopa nje. Katika Kiswahili -pa imezaa mpaji na kipaji, na maana ya neno hili la pili yastahili kuangaliwa: uwezo wa kuzaliwa wa msanii huitwa kitu alichopewa. Kwa mujibu wa lugha yenyewe, fundi ni mpokeaji kabla hajawa mtoaji.

Risaga na egesangio

Katika Kisii na Nyamira hali ni tofauti na ya hekaluni, lakini mafunzo ya kutoa yapo. Sehemu hizi mbili zilikuwa wilaya moja hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, na ni kaunti mbili chini ya katiba ya mwaka 2010. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira. Mashamba ni madogo, vilima vimelimwa hadi juu, na chai na ndizi vimeenea. Lugha ni moja, ijapokuwa wataalamu hutofautisha lahaja ya Rogoro, ambayo ni ya kaskazini, na Maate, ambayo ni ya kusini. Miongoni mwa waliochunguza Ekegusii mapema yumo W. H. Whiteley, ajulikanaye zaidi kwa kazi zake juu ya Kiswahili, ambaye alichapisha kitabu cha kujifunzia lugha hiyo mwaka 1956.

Katika miaka ya 1940 na 1950 wanaanthropolojia Philip Mayer, na baadaye Robert na Barbara LeVine, walieleza ushirikiano wa kazi miongoni mwa Abagusii. Risaga lilikuwa kundi kubwa la majirani walioitwa shambani kwa mtu mmoja, na mwenye shamba aliwaandalia pombe ya wimbi. Egesangio lilikuwa kundi dogo, aghalabu la wanawake, lililofanya kazi kwa zamu: leo kwa huyu, kesho kwa yule. Katika risaga mtoaji na mpokeaji walionekana wazi. Katika egesangio kila mmoja alikuwa yote mawili, na zamu ndiyo iliyokuwa mwalimu.

Neno egesangio linawafaa wanaisimu kwa mambo mawili. Kwanza, kiambishi chake ni -ge-, ilhali cha Ekegusii ni -ke-, kwa sababu kipasuo kisicho ghuna hugeuka kuwa ghuna kinapofuatwa na silabi yenye konsonanti isiyo ghuna, kwa mujibu wa kanuni ijulikanayo kwa jina la Dahl. Pili, mzizi wake -sang- unaelekea kuwa na asili moja na -chang- ya Kiswahili, kwani s ya Ekegusii hulingana na ch ya Kiswahili pia katika -seka na -cheka. Ikiwa ni hivyo, -sangia na -changia ni umbo moja katika lugha mbili, na egesangio ni ndugu wa mchango. Katika lugha zote mbili, wazo lililo chini ya neno ni kukutana na kuchanganyika. Mtu achangiaye hatupi kitu upande wa pili wa mto. Hukileta mahali ambapo na yeye yupo.

Mazoea hayo hayakubaki yalivyokuwa. Kwa waumini wa Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo lina wafuasi wengi Gusii na ambalo linakataza pombe, risaga ya pombe ilibidi ibadilike. Kazi ya malipo nayo iliingia pamoja na mazao ya biashara. Juu ya hayo ikaja harambee, iliyofanywa wito wa taifa baada ya uhuru wa mwaka 1963. Harambee imejenga shule nyingi, lakini pia ilileta desturi ya kutangaza jina la mtoaji na kiasi alichotoa, hata ikawa njia ya wanasiasa kununua sifa. Na Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ililazimika kuweka mipaka. Kwa kipimo cha nyakati tatu kilichoelezwa hapo juu, mchango utangazwao kwa kipaza sauti una hatari katika wakati wa tatu: mtoaji huanza kungoja. Waswahili walikwisha kumwonya: Tenda wema nenda zako.

Jiwe la Tabaka

Tabaka iko kusini mwa Kaunti ya Kisii, katika Mugirango Kusini. Hapo huchimbwa jiwe laini la sabuni lenye rangi nyeupe, kijivu, waridi, manjano na nyinginezo. Wanaume, kwa kawaida, huchimba na kuchonga kwa panga, patasi na kisu. Wanawake husugua kwa msasa na maji, wakaosha na kung'arisha kwa nta. Kitu kimoja hupita katika mikono mingi kabla ya kufika dukani, na hakuna mmoja awezaye kusema kuwa ni chake peke yake. Kwa muundo, basi, kazi hii inafanana na egesangio.

Miongoni mwa vitu vichongwavyo sana ni mabakuli. Jambo hilo laamsha kumbukumbu ya kisa kimoja cha Kibudha. Baada ya Budha kupata mwangaza, wafanya biashara wawili waliokuwa safarini, Tapussa na Bhallika, walimletea chakula, naye hakuwa na chombo cha kupokelea. Wafalme wanne wa pande za dunia wakamletea mabakuli manne ya mawe. Waumini wa kwanza wasio watawa walikuwa hao wachuuzi wawili, na tendo lao la kwanza lilikuwa kutoa. Kisa hicho hakioni uadui wa asili kati ya biashara na utoaji. Mtu yuleyule aweza kuuza asubuhi na kutoa mchana, mradi ajue analifanya lipi.

Hapa ndipo pa kuonya. Mchongaji wa kawaida wa Tabaka, kama mchoraji wa Tibet, hatii jina kwenye kazi yake, na mtazamaji aweza kuvutwa kusema kwamba wote wawili wameitoa nafsi yao. Mlinganisho huo ni wa uwongo. Mchoraji wa Tibet ameliacha jina lake kwa kufuata mafundisho aliyoyakubali. Jina la mchongaji wa Tabaka limepotea njiani, kati ya mchuuzi na mnunuzi, bila yeye kuulizwa. Na bei aliyoipata aghalabu ni ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye rafu ya duka la mbali. Kuachilia ni tendo la mwenye kitu. Aliyepokonywa hakutoa, hata akinyamaza. Mtu amsifuye mchongaji maskini kwa ukarimu wake, hali akimlipa kidogo, anakwenda kinyume cha hadithi ya Vessantara mara mbili: anatoa kisicho chake, na sifa anajitwalia yeye.

Inapokuwa jina limehifadhiwa, sura ya mambo hubadilika. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, alichonga sanamu ya ndege, Enyamuchera, iliyowekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, na inayojulikana kuwa ndege wa amani. Jina la ndege huyo limejengwa juu ya neno enchera, ambalo ni ndugu wa njia ya Kiswahili iliyopoteza konsonanti ya mwisho. Sanamu hiyo iko mbali na Tabaka, lakini haikupotea: wajulikana mkono ulioichonga, na lugha iliyoipa jina. Jina lililobaki halipunguzi kilichotolewa. Laonyesha kwamba palikuwapo mtu wa kukitoa.

Suala la istilahi

Mfasiri anayetafuta neno la Kiswahili la dana ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kulikopa neno lenyewe. Njia hii ina vikwazo vya sauti: masikioni mwa wengi dana itachanganyika na dhana, na tena italeta karibu danadana, yaani kumzungusha mtu kwa ahadi zisizotimizwa, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha utoaji.

Njia ya pili ni kutumia sadaka. Neno hili ni zuri, na mzizi wake wa Kiarabu unahusiana na ukweli, yaani unyofu wa nia, jambo linalokaribiana sana na mafundisho ya Wabudha. Lakini Kiswahili kimekwisha kulipa makazi yake. Kwa Mwislamu sadaka ni ibada kwa Mwenyezi Mungu. Kwa Mkristo wa Kisii au Nyamira ni kile kitiwacho katika chombo kanisani, kando ya zaka. Msomaji atakayekutana na sadaka katika maelezo ya Ubudha atamtafuta Mungu anayetolewa sadaka hiyo, na asipomwona ataona kuwa maelezo yana pengo.

Njia ya tatu ni kurudi kwenye vitenzi vya Kibantu. Utoaji hufaa kwa dana, kwani hutaja tendo bila kutaja mungu, cheo wala thamani. Kuachilia hufaa kwa chaga. Kwa utoaji wa pamoja, ambamo kila mmoja ni mtoaji na mpokeaji kwa zamu, mchango upo, ukiungwa mkono na egesangio. Sadaka iachwe mahali pake, itumike pale ambapo Mbudha mwenyewe anatenga kitu mbele ya sanamu kwa heshima, na hata hapo kwa maelezo.

Hitimisho

Mabakuli saba ya maji, vichungu vya mchele, zamu za shambani na neno "karibu" lisemwalo juu ya sahani vinakubaliana katika jambo moja: mtu hatoi kwa sababu ni mkarimu, bali huwa mkarimu kwa sababu ametoa mara nyingi. Methali husema kweli kwamba kutoa ni moyo, na mazoea haya huongeza kwamba moyo nao hufunzwa na mkono. Tabaka imeonyesha pia sharti ambalo mafundisho ya utoaji hayawezi kuliepuka, nalo ni kwamba atoaye awe na kitu, awe na jina, na awe na hiari ya kukataa. Kiswahili kinayo maneno ya kuyasema yote hayo bila kukopa, na kazi ya wanaoandika istilahi ni kuyatumia kwa uangalifu, ili kilichotolewa kisiitwe kilichochukuliwa, wala kilichochukuliwa kisiitwe kilichotolewa.